Mlango wa Kanisa na Maadui Zangu

Jumapili, 3 Machi

Kuna njama. Nimeinusa leo kanisani, kabla hata ya matangazo.

Mchungaji amehubiri habari za yule nabii aliyekuwa akikaa kutwa kuamua kesi za watu, mpaka mkwewe akamwambia atajiua kwa kazi, agawanye. Kanisa zima likatikisa kichwa kwa utamu. Mimi sikutikisa. Mimi nimesoma. Nikajiuliza swali ambalo sijasikia mhubiri akilijibu: mkwe alikuwa anatafuta nini kwenye kazi ya watu? Mkwe amekuja kusalimia, basi asalimie, ale, aende zake. Ukiona mkwe anapanga upya ofisi, ujue ana mtu wake wa kumweka.

Kisha matangazo. Jumapili ijayo Askofu anakuja. Na siku hiyohiyo, Mchungaji amesema, kila huduma itafanya kazi bila kiongozi wake. Viongozi tutaketi na waumini, tutazame. Eti timu nzuri hupimwa siku kiongozi hayupo. Eti! Na gari nalo tulipime siku dereva hayupo?

Makofi. Nikageuka haraka kuona nani ameyaanzisha. Katibu wangu! Yule Mkunga. Anapiga makofi kwa mikono miwili mizima, uso unang'aa. Nimeweka akilini.

Niandike, ili siku haki ikitafuta shahidi imkute. Mimi ni mwenyekiti wa huduma ya mlangoni. Ni sisi tunaowapokea watu, tunaowatafutia nafasi, tunaowazuia wachelewaji wasikatize mbele wakati wa sala. Niliianza huduma hii kanisa likiwa bado turubai. Na ishara nilizibuni mimi. Nikishika sikio, viti viongezwe. Nikigusa tai, kuna mtoto analia nyuma. Nikiweka mkono kifuani, mgeni wa heshima ameingia. Ziko nyingine. Kila mhudumu nimemfundisha ishara yake moja, ya mwenzake haijui. Zote tunazijua wawili tu, mimi na Mungu. Ndiyo maana kwetu hakujawahi kuwa na ugomvi wa madaraka. Mwaka jana nilipolala na homa, watu walisimama ibada nzima na viti vimejaa stoo. Niliposimuliwa nilipata nafuu.

Sasa wanataka niketi. Dukani kwangu, ninakouza madaftari na kutoa fotokopi, watu husalimia bei. Mlangoni hunisalimia mimi. Wananipa mkono, wananiuliza nimeamkaje, wanasubiri jibu. Wakiniondoa pale, nitabaki nani? Nitabaki fotokopi.

Sitaondoka. Waandike hapo.

Jumatatu, 4 Machi

Mkunga amekuja dukani. Amebisha hodi. Duka liko wazi, milango yote miwili imefunguliwa mpaka ukutani, na yeye anabisha hodi! Mwenye nia safi huingia tu.

Ameniita Mwenyekiti mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akauliza hali ya mama watoto, hali ya mgongo wangu, hali ya biashara. Kisha akasema yote wanayoyajua wameyajua kutoka kwangu. Hapo nikaweka kalamu chini. Anayekusifu bila sababu anakupima urefu wa jeneza.

Ndipo akatoa la moyoni. Kwa kuwa Jumapili sitakuwepo mlangoni, je, Mwenyekiti haoni vyema kila mtu afundishwe ishara zote, ili mmoja akizidiwa mwenzake amsaidie? Amesema wodini kwao mkunga mmoja akishikwa na kazi, mwingine anapokea mtoto. Mtoto hasubiri mwenye zamu. Nikamwambia kanisa si wodi. Akacheka, akasema kuna siku kelele ni zilezile.

Nikamwambia aitishe mkutano Jumatano. Akashukuru. Akaondoka bila hata kununua bahasha. Maana yake alikuja kwa ajili ya hilo tu!

Nimemweleza mke wangu. Akasema labda mwanamke wa watu anataka kujifunza. Nikamkumbusha kwamba ushahidi wake haupokelewi: Mkunga huyo ndiye aliyempokea kitinda mimba wetu, na tangu siku hiyo wanaitana dada. Mke wangu akasema mimi hata malaika akinitokea nitamwomba kitambulisho.

Nitamwomba. Malaika wako wa aina mbili.

Jumatano, 6 Machi

Mkutano. Tumekutana darasa la watoto wa Jumapili, tumekaa kwenye viti vyao vidogo, magoti yako masikioni. Walikuwepo Mkunga, Kinyozi anayesimama mlango wa kusini, Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anayesimama mlango wa kaskazini, na wengine wa pembeni ambao huitikia tu.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mkutano wa kanisa haufunguliwi bila sala, na sala ya mwenyekiti haikatizwi. Basi nikaifungua mimi. Nikawaombea wagonjwa, kwa majina na kwa magonjwa. Nikawaombea wasafiri wa nchi kavu, majini na angani. Nikaombea mvua, nikaombea jua la kiasi. Nikawaombea wale waliomo humu chumbani, Bwana unawajua, wanaotabasamu mchana na kuchimba shimo jioni. Nikafumbua jicho moja. Kinyozi alikuwa amelala. Shemeji anakuna mguu. Saa ya ukutani inakwenda vizuri. Nilikuwa na hakika kwamba tutafika kwenye "karibuni tena" kabla ya ajenda ya kwanza.

Kisha nikavuta pumzi.

Pumzi moja! Mkunga akaingiza "Amina." Kwa sauti ya uimbaji, ndefu, tamu. Na unajua amina ilivyo, ni kama miayo. Wote wakaitikia. Hata Kinyozi akaitikia kutoka usingizini. Nikabaki mdomo wazi, na sala yangu imefungwa na mtu mwingine. Katika miaka yote ya kupambana na wazee wa kanisa, wahasibu na wanakwaya, sijawahi kufanyiwa jambo la kikatili namna hiyo.

Akanigeukia kwa upole. Eti Mwenyekiti, tunakusikiliza, tufundishe.

Wanataka kufundishwa? Nikawafundisha!

Nimemwita kila mmoja pembeni, karibu na ubao, nikamnong'oneza. Kinyozi nimemwambia kushika sikio ni kufunga mlango. Mkunga nimemwambia kushika sikio ni kuwainua watu wasimame. Shemeji, ambaye tangu zamani ishara yake ni hiyo ya sikio na viti, nimemwambia imebadilishwa kwa sababu za kiusalama, sasa ni kuzima feni. Tai, kifua, leso, zote nimezigawa hivyo hivyo. Jumapili, mmoja akishika sikio, mlango utafungwa, watu watasimama na feni zitazimika. Askofu atatokwa jasho mpaka kwenye pete. Atauliza: mwenyekiti wa huduma hii yuko wapi? Nami nitainuka kutoka benchini, taratibu, nikifunga kifungo cha koti.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Mke wangu akauliza kumetokea nini. Nikamwambia nimewajenga timu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimekwenda kwa Kinyozi kunyoa ndevu na kupanda magugu kidogo.

Nilisubiri aanze kazi, maana mtu akishika kazi masikio huwa wazi. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba mimi si mtu wa maneno, ila Mkunga amekuwa akisema mikono yake inanuka spiriti pale mlangoni, watu wanaogopa kupeana naye mkono. Wembe ukasimama. Ulisimama shingoni kwangu. Akaniuliza, "Eti nani kasema, Mwenyekiti?" Sikupenda mahali swali lilipoulizwa. Nikamwambia labda nilisikia vibaya, labda ni Shemeji.

Akacheka mpaka povu likaniingia puani. Akasema, ah, hilo la spiriti? Mbona Mkunga kamwambia mwenyewe, uso kwa uso, na kamletea sabuni ya limau! Akaninusisha vidole. Kweli, limau.

Nimelitunga mimi jana nikioga, kumbe lilikuwa kweli! Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili: wanaongea. Wao kwa wao. Bila kupitia kwangu! Tangu lini? Nani kawaruhusu? Huduma ya mlangoni ina utaratibu: mtu akiwa na neno na mwenzake ananiambia mimi, mimi nalipima, nalisafisha, halafu silifikishi. Tumeishi hivyo kwa amani.

Nikamchimba kidogo. Akatoa yote huku akininyoa shavu la pili. Juzi walikutana nyumbani kwa Mkunga. Walipanga nani atasimama wapi. Walikunywa chai. Shemeji alikuwepo! Damu ya mke wangu! Niliyemtoa kwenye kupanga viatu vya watoto nikampa mlango mzima wa kaskazini!

Nimefika nyumbani na moto. Mke wangu akasema ndiyo, alijua, na kikombe cha ziada walikiazima kwetu. Kikombe changu chenye mpini wa bluu! Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema aliniambia Jumanne, nikamjibu kwamba hizo ni propaganda.

Sikumbuki. Ila kama nilisema hivyo, nilisema kweli.

Jumamosi, 9 Machi

Ishara peke yake hazitoshi. Mtu mwenye busara hajengi ukuta mmoja.

Asubuhi nimekwenda kanisani nikafunga stoo. Ndani kuna viti vyote vya ziada. Ndani pia kuna Kiti, kile kikubwa chenye mahameli nyekundu na mikono ya kuchonga, ambacho wageni wakuu wamekikalia tangu tuache turubai. Kufuli nimelivuta mara mbili. Ufunguo uko ndani ya soksi yangu, mguu wa kushoto, upande wa ndani. Unachubua kidogo. Uongozi una gharama.

Jioni Shemeji kaja. Nilimwona dirishani nikajifanya nasoma. Tukaamkiana vizuri, shemeji huku, shemeji kule. Akauliza habari za ufunguo. Nikamuuliza ufunguo upi. Akasema wa stoo. Nikamuuliza stoo ipi. Akasema, "Shemeji, kanisa letu lina stoo ngapi?" Nikamwambia kufuli limeharibika, liko kwa fundi, na fundi kasafiri, na alikosafiri hakuna mtandao. Akanitazama. Akatazama mguu wangu, maana nilikuwa nachechemea kidogo kwenda kumletea maji. Akasema sawa.

Sawa! Mtu anayehitaji ufunguo hasemi sawa. Anayehitaji ufunguo hulalamika, hupiga simu, huenda kwa Mchungaji. Akaaga kwa adabu, akapanda lori lake, akaondoka kuelekea mtaani kwa Kinyozi.

Huko kuna nini?

Mke wangu amepiga pasi koti langu jeusi. Akaniomba kitu kimoja tu: kesho niketi kimya kama watu wengine. Akasema miaka yote kanisani amekaa peke yake, mimi niko mlangoni, na kwamba angependa mara moja aone ikoje kuimba na mume wake ubavuni.

Nimeguswa. Halafu nikajiuliza kwa nini aseme leo.

Jumapili, 10 Machi

Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea.

Tulifika mapema. Mlango wa kusini alisimama Kinyozi, ananukia limau. Akanipa mkono. Akaniuliza nimeamkaje. Akasubiri jibu! Nikapita bila kumjibu, nikaketi safu ya tatu na mke wangu, shingo nimeigeuza nyuma mpaka ikagoma.

Watu wakajaa. Viti vikaisha. Nikatabasamu, ufunguo unanichubua vizuri. Ndipo nikasikia lori. Kisha nikaona maajabu: watu wanaingia na viti kutoka majumbani mwao. Viti vya mezani, stuli za jikoni, kigoda cha bibi mmoja, makochi mawili yaliyobebwa na kwaya. Shemeji anawaelekeza kama mtu aliyezaliwa akielekeza. Kila mtu anacheka, anampa mwenzake nafasi, anauliza kiti hiki cha nani. Watu ambao sijawahi kuwaona wakisalimiana walikuwa wamekalia kochi moja!

Nikaamua kuzianzisha ishara mwenyewe. Nikajitokeza kidogo upande wa njia, nikamtazama Mkunga, nikashika sikio. Hakutazama. Nikashika masikio yote mawili. Nikagusa tai, nikapiga kifua, nikapunga leso. Hakuna aliyetazama! Ndipo nikaelewa. Hawatumii ishara kabisa. Wanaongea! Mkunga anamwendea Kinyozi, anamnong'oneza, Kinyozi anakwenda kwa Shemeji, basi, kazi imekwisha. Mtoto kalia nyuma, kachukuliwa. Mzee kaingia na fimbo, kapokewa. Uhuni mtupu! Mtu yeyote angeweza kufanya hivyo.

Nikainua mikono yote miwili juu, nikaipunga kwa nguvu, wanione. Nyuma yangu mjane mmoja wa kikundi cha maombi akapaza sauti kwamba ndugu yetu ameguswa. Akaniwekea kiganja kichwani. Wengine wakakusanyika. Kadiri nilivyojinasua ndivyo walivyoomba kwa bidii. Mke wangu alikuwa analia. Nilidhani ni kwa aibu. Baadaye kaniambia alidhani ni kweli.

Nilipotoka chini ya mikono ya watu, Askofu alikuwa ameshaingia. Na alikuwa amekaa. Wapi? Kwenye kiti cha kinyozi! Kile hasa, cha chuma na ngozi nyeusi, chenye pa kuegemeza kichwa na pedali ya kupandisha, ambacho Alhamisi nilinyolewa juu yake. Wamekileta kwa lori! Askofu, na joho lake, na fimbo yake, amekaa pale kama anayesubiri kupunguzwa pembeni. Ibada inaendelea, naye anazunguka kidogo kushoto, kidogo kulia. Hatabasamu. Askofu huyu anajulikana, uso wake hautoi habari.

Nikaona mwisho wao umefika. Mkono wa Mungu hauna haraka, nikasema moyoni.

Baada ya mahubiri Askofu akasimama. Akatazama milango. Akatazama makochi. Akatazama kiti alichokuwa amekalia. Kisha akauliza, kwa sauti ile nzito, nani aliyewafundisha hawa watu wa mlangoni.

Damu ikanipanda. Mkunga alikuwa kasimama ukutani, kafungua mdomo, kaninyooshea kidole. Mimi! Ananitwika mimi! Nikaona yote kwa mara moja: chai, limau, "sawa" ya Shemeji. Walipanga kumwaibisha Askofu kisha waniuze! Kidole kiko hewani bado, sauti haijatoka, nami nikaruka juu. Sauti yangu haihitaji kipaza sauti.

Nikatamka mbele za Mungu na kanisa kwamba mimi, mwenyekiti wa huduma hiyo, sijawafundisha watu hawa jambo hata moja. Kwamba kila walichokifanya leo wamekifanya bila mimi, kinyume changu, na kwamba kama stoo ingekuwa wazi nisingeruhusu hata kigoda kimoja. Nikawaita mashahidi. Nikamaliza kwa kusema kwamba mikono yangu ni safi.

Mke wangu akavuta koti. Amechelewa, nilikuwa nimeketi.

Askofu akanigeukia. Kisha, namwapia Mungu, uso ule ukafunguka. Akasema mgongo wake unamuuma mwaka wa ngapi, na kila kanisa humketisha kwenye kiti cha mahameli kilichotengenezwa na adui wa migongo. Leo, kwa mara ya kwanza, mtu kamuuliza mlangoni, "Baba, utakaa wapi ukae vizuri?" Akasema ameona watu wakihudumiana kama ndugu. Akasema alikuja akitafuta mtu wa kuzunguka makanisa yote ya jimbo, awafundishe wahudumu wa milangoni kufanya kazi pamoja, na kwamba alikuwa ameletewa jina la mwenyekiti wa hapa.

La mwenyekiti wa hapa.

Ila, akasema, anamshukuru ndugu huyu kwa ukweli wake. Ni nadra kiongozi kukataa sifa isiyo yake. Akaomba apigiwe makofi. Kanisa zima likanipigia makofi, nami nimekaa. Kisha akamwita Mkunga mbele na wenzake, akawawekea mikono.

Nilipewa makofi makubwa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Sikujua kwamba makofi yanaweza kuuma hivyo.

Jumatatu, 11 Machi

Sijafungua duka. Nimekaa na mguu kwenye maji ya chumvi.

Mchungaji kaja asubuhi. Mke wangu akamkaribisha, akatuwekea chai, akakaa hapohapo badala ya kwenda jikoni. Mchungaji amesema ni yeye aliyepeleka jina langu kwa Askofu. Alitaka Askofu awaone watu wangu wakifanya kazi, nami nimeketi nimetulia, aone nimezaa huduma inayoweza kutembea. Ndiyo maana ya ile Jumapili ya kuketi. Hakuniambia kwa sababu alitaka liwe jambo la furaha.

Jambo la furaha! Nikamuuliza nani huyo anayemfanyia mwenzake mema kwa siri. Akaongeza sukari kwenye chai. Nimembana!

Nikamuuliza pia kuhusu kidole cha Mkunga. Mke wangu ndiye aliyejibu, bila kuulizwa. Amesema Mkunga alikuwa anataka kusema, "Ni mwenyekiti wetu." Walikubaliana hivyo wakinywa chai ile Jumanne: chochote kikienda vizuri, wamtaje Mwenyekiti, kwa kuwa yeye ndiye aliyewakusanya na anapenda kutajwa. Nikamwambia sentensi haikumalizika. Huenda ilikuwa "ni mwenyekiti wetu aliyetufungia stoo." Mke wangu akasema hata hiyo ingekuwa kweli.

Mchungaji akasoma uso wangu, akanywa chai. Akasema kwa upole kwamba baada ya nilivyosema mbele ya kanisa, wahudumu wanaona aibu kuniita mwenyekiti wa watu niliowakana. Mkunga atashika nafasi hiyo. Mimi nipumzike kidogo, kisha nijiunge na huduma ya kutembelea wagonjwa. Kama mjumbe.

Kama mjumbe!

Akaomba ufunguo. Nikavua soksi ya mguu wa pili, nilikokuwa nimeuhamishia. Akaupokea kwa leso.

Alipoondoka, mke wangu hakunisema. Hilo ndilo lililonivunja. Amekaa karibu nami, akanibadilishia maji ya mguu. Akasema jana, kabla sijainuka, wimbo wa kwanza tuliuimba pamoja ubeti mzima, na kwamba mimi huimba sauti ya pili vizuri, hakuwa akijua. Nilitaka kumwambia kwamba sitajua nisimame wapi Jumapili ijayo. Kwamba watu watapita mlangoni na hawatanipa mkono.

Badala yake nikamuuliza nani kamwambia aseme hivyo.

Akaenda jikoni.

Jumatano, 13 Machi

Nimetafakari. Nimefunga tangu chakula cha mchana mpaka chai ya jioni, na mambo yamekuwa wazi kama maji ya kisima.

Kosa langu lilikuwa moja: upole. Niliwapa wote ishara, japo za uongo. Nisingewapa kitu. Tena huyo Askofu, nani alijua ana mgongo? Mtu wa kumjua Askofu mpaka mgongoni hapatikani bure. Ni kazi ya muda mrefu, imepangwa, na mganga wake lazima ahojiwe. Haya nitayaandikia makala siku moja.

Leo nimeanza huduma mpya. Tulikwenda kumtembelea mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, anayeumwa kifua. Kiongozi wetu ni yule mjane aliyeniombea Jumapili. Kanipokea kwa furaha, kasema tangu niguswe na Roho alijua nitafaa. Sikumrekebisha. Cheo hakitupwi.

Wenzangu wakaimba. Wakamwinua mzee, wakamgeuzia mto, wakamnywesha uji. Mzee akatabasamu. Akasema leo anajisikia nafuu. Nafuu! Kabla sijaomba! Mimi ndiye niliyekuwa nimepangiwa sala ya kufunga, na mgonjwa kashapona njiani! Nikawatazama wenzangu mmoja mmoja. Wote wanafurahi. Timu nzima, na hakuna hata mmoja anayeonekana kushtuka.

Nikawaambia watangulie, nafunga viatu. Walipotoka nikamwinamia mzee sikioni. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi nitakuwa nakuja Ijumaa, peke yangu. Kwamba hawa wengine wakija, asione tabu kuugua kidogo, akohoe, agune, uji aukatae. Nafuu aiweke mpaka Ijumaa. Nikamhakikishia kwamba ni kwa ajili ya utaratibu tu.

Mzee alinitazama sana. Kisha akaniuliza nimetumwa na nani.

Swali zito, kwa mtu anayeumwa. Hilo hajalitunga peke yake.